Saa ya Kula: Mwongozo kwa Nyumba Yenye Vijana Balehe

Ikifika saa mbili usiku, katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa chakula kimeshaiva. Wali uko kwenye hotpoti, maharage yako kwenye hotpoti nyingine, na mezani hakuna mtu. Baba yuko kwenye foleni au bado hajafunga duka. Mama anamlaza mdogo. Wa kidato cha pili atapakua akimaliza kazi za shule. Wa kidato cha nne alipitia chipsi mayai alipotoka tuisheni, kwa hiyo ameshiba. Hadi saa nne kila mmoja atakuwa amekula kwa wakati wake, simu ikiwa mkononi. Hotpoti imetusaidia sana kutunza joto la chakula, lakini imetuondolea sababu ya kuketi kwa wakati mmoja. Zamani aliyechelewa alikula ugali wa baridi, na hilo peke yake liliwawahisha wengi nyumbani.

Makala haya ni ya mzazi, mlezi, kaka au dada mkubwa anayeishi na kijana wa kati ya miaka 10 na 19, umri ambao Shirika la Afya Duniani linauhesabu kuwa wa ujana balehe. Ninachokisema ni chepesi kukitamka na kigumu kukitekeleza: kabla ya kubishana na kijana kuhusu chipsi na soda, nyumba ipange saa ya kula na kuilinda. Ugomvi wa chipsi bila saa ya chakula ni ugomvi ambao mzazi hushindwa kila siku saa kumi jioni, akiwa kazini, wakati kijana yuko kibandani na njaa yake.

Mwili wa umri huu unadai nini

Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kabisa karibu na miaka 12, wavulana karibu na miaka 14. Ndiyo maana kwenye picha za darasa la sita au la saba wasichana husimama warefu nyuma na wavulana huwekwa mbele, kisha miaka miwili baadaye mpangilio hugeuka. Kinachoonekana ni kimo. Kisichoonekana ni mifupa inayojazwa madini kwa kasi ambayo haitarudi tena maishani, damu inayoongezeka ili kuuhudumia mwili mkubwa zaidi, na kwa wasichana, hedhi inayoondoa damu kila mwezi.

Viwango vya lishe vinavyotumika Marekani vinaweka kalsiamu miligramu 1,300 kwa siku kwa kila mtu wa miaka 9 hadi 18, wakati mtu mzima wa miaka 30 anatosheka na 1,000. Kwa madini ya chuma, msichana wa miaka 14 hadi 18 anatakiwa apate miligramu 15 kwa siku na mvulana wa umri huohuo 11. Kwa hiyo msichana, ambaye mara nyingi ana mwili mdogo na hula kidogo kuliko kaka yake, anahitaji chuma zaidi katika chakula hicho kidogo. Hapa ndipo mambo huharibika. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Si kwa wote upungufu huo ulianza siku walipopata mimba au kuolewa. Wapo walioingia utu uzima nao kutoka nyumba za wazazi wao.

Mvulana naye ana madai yake. Anayecheza mpira jioni na kurefuka kwa wakati mmoja anaweza kula ugali wa watu wawili na asionekane amekula. Huyo asihubiriwe kuhusu kupunguza. Mwongezee mboga, maharage na maziwa pembeni ya ugali wake.

Kula pamoja kunasaidiaje

Huko Minnesota, Marekani, mtafiti Dianne Neumark-Sztainer na wenzake waliwahoji wanafunzi 4,746 wa shule za kati na sekondari mwishoni mwa miaka ya 1990. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliokula na familia mara nyingi zaidi walikula matunda, mboga na vyakula vyenye kalsiamu kwa wingi zaidi, na walikunywa soda kidogo. Mwaka 2011 Amber Hammons na Barbara Fiese walikusanya tafiti 17 zenye watoto na vijana zaidi ya 182,000 na kuzipima kwa pamoja. Waliokula na familia mara tatu au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 24, wa kula vyakula bora, na uwezekano mdogo zaidi, kwa asilimia 35, wa kuwa na tabia mbaya za ulaji kama kujinyima kupita kiasi au kujitapisha.

Mara tatu kwa wiki. Namba hiyo ishikwe, kwa sababu mzazi anayefanya kazi za zamu akisikia “kuleni pamoja” hudhani anadaiwa siku saba, hukata tamaa, asifanye hata moja.

Ni haki kusema pia kwamba tafiti za aina hii haziwezi kuthibitisha peke yake kuwa meza ndiyo iliyoleta afya. Nyumba inayoweza kuketi pamoja mara nyingi huwa na mambo mengine mazuri: kipato cha uhakika, mzazi anayerudi mapema, amani. Hata hivyo njia zenyewe zinaeleweka bila kuhitaji hesabu. Kijana anayekula nyumbani hula kilichopikwa nyumbani, na mchicha hauuzwi kwenye kibanda cha chipsi. Aliyezoea kumwona baba yake akimega ugali kwa kisamvu haoni kisamvu kuwa chakula cha adhabu. Halafu kuna kuonekana: mtoto anayeketi mbele ya wenzake hawezi kuacha kula kwa wiki mbili bila mtu kugundua.

Sinia, kitoweo na anayekula mwisho

Tafiti hizo zilifanyika zaidi kwa watu ambao kila mmoja ana sahani yake. Kwetu wengi tunakula sinia moja, hasa pwani na Zanzibar, na bara wapo wanaozunguka ugali mmoja na bakuli moja la mboga. Sinia lina uzuri wake: linalazimisha saa moja, linafundisha kula cha mbele yako, na hakuna anayeweza kuondoka nalo kwenda chumbani. Lakini linaficha kiasi. Kijana anayekula kwa haraka humaliza upande wake na kuingia wa jirani. Msichana aliyeamua kupunguza mwili hunyanyua tonge ndogondogo, hujishughulisha na kumlisha mdogo, na sinia linaondoka likiwa tupu bila mtu kujua kwamba yeye hakula. Anayetaka kudumisha sinia, na sioni sababu ya kuliacha, agawe kitoweo mwenyewe kabla ya mikono kuingia: kipande cha samaki au nyama mbele ya kila mtu, mboga mbele ya kila mtu, na matunda yahesabiwe kwa vichwa.

Namna ya kugawa ndiyo yenye uzito. Katika nyumba nyingi kipande kikubwa huenda kwa baba, kinachofuata kwa wavulana, na mama na mabinti hubaki na mchuzi. Hakuna aliyekaa akapanga kuwadhulumu mabinti, ndivyo walivyokuta. Lakini tukirudi kwenye miligramu 15 na 11, desturi hiyo inampa chuma kidogo zaidi yule anayekihitaji zaidi. Si lazima baba apokonywe heshima yake. Akikikata kipande chake mwenyewe na kumsogezea binti, heshima haipungui, na wavulana wanaotazama watajifunza jambo.

Yuko mwingine ambaye makala za lishe humsahau. Dada wa kazi aliyepika chakula hicho mara nyingi ana miaka 17 au 18. Naye yumo katika umri uleule wa ujana balehe, naye anapata hedhi, mifupa yake nayo bado inajengwa. Anakula jikoni, peke yake, baada ya wote, kilichobaki. Nyumba inayojadili lishe ya vijana wake huku kijana mmoja yuko nyuma ya mlango wa jikoni na ukoko haijaanza kazi. Aketi na wengine, au kama yeye mwenyewe anaona haya mwanzoni, apakuliwe chake kwanza, chenye kitoweo kamili, kabla sufuria haijatoka jikoni.

Kupata saa yenyewe

Nyumba za Waislamu zinajua kufanya hili kwa ustadi mwezi mmoja kila mwaka. Ramadhani, foleni zipo, biashara zipo, tuisheni ipo, lakini adhana ya magharibi ikilia watu wameshakaa: tende, uji wa pilipili manga, mihogo, magimbi, maharage. Hata mvulana wa miaka 16 ambaye miezi mingine haonekani huwa ameketi dakika kumi kabla. Saa haipangwi na mtu, haijadiliwi, na chakula hakianzi kabla yake. Nyumba za Wakristo zina mchana wa Jumapili baada ya ibada, ambao nao hufanya kazi kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo tunaweza. Kinachopungua siku nyingine ni saa isiyojadiliwa.

Anza kwa kutazama wiki yenu ilivyo, si mnavyotamani iwe. Mwanafunzi wa shule ya kutwa katika jiji kubwa anaweza kutoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kurudi magharibi. Kama chakula cha pamoja cha usiku kitaanza saa tatu na nusu, mtoto huyo ameshinda na uji na maandazi, amekula barabarani, na sasa anasinzia. Ni afadhali saa moja na nusu, na watakaokuwepo wale. Baba wa zamu ya usiku labda anaweza kifungua kinywa cha Jumamosi. Mama muuza samaki anayeondoka alfajiri kwenda soko la Feri labda anaweza mchana wa Jumapili na usiku wa Jumatatu. Milo mitatu kwa wiki, yenye siku na saa zinazojulikana, inashinda ahadi ya kila siku isiyotimia.

Mzazi mmoja au mlezi mmoja anatosha. Bibi anatosha. Kaka wa miaka 24 anayelea wadogo zake anatosha. Msisubiri familia ikamilike kama ya kwenye kalenda.

Simu ziwekwe mahali pamoja, na ya mzazi iwe ya kwanza. Hili vijana hulitazama kwa makini kuliko wanavyotazama chakula. Mzazi anayejibu ujumbe wa kikundi cha harusi huku akimkataza binti yake mtandao amepoteza kesi. Televisheni izimwe. Kama kuna mechi ya Simba na Yanga, basi hamisheni saa siku hiyo, msijidanganye kwamba mtakula mkiongea.

Kilicho mezani

Hapa watu husubiri orodha ya vyakula vya gharama: maziwa ya mtindi ya kopo, zabibu, samaki wa kuagizwa. Havihitajiki. Kwenye masoko yetu mengi fedha ya sahani moja ya chipsi mayai inaweza kununua fungu la mchicha, dagaa wa kitoweo kimoja na ndizi kadhaa.

Dagaa (omena kwa jirani zetu wa Kenya) wanastahili kusifiwa kuliko wanavyosifiwa. Huliwa wazima na mifupa yao, na mifupa hiyo ndiyo kalsiamu. Vijana wengi huwakataa kwa harufu na mchanga. Waoshwe kwa maji ya uvuguvugu zaidi ya mara moja, wakaangwe kidogo wakauke, kisha waingie kwenye vitunguu na nyanya zilizoiva vizuri, na ndimu ikamuliwe mwishoni. Ndimu hiyo haikuwekwa kwa ladha tu. Chuma kilichomo kwenye mboga za majani, maharage, choroko na nafaka hufyonzwa kwa shida, na vitamini C huisaidia miili yetu kukichukua. Kwa hiyo mchicha na maharage viandamane na ndimu, kachumbari, chungwa, embe au pera. Pera, ambalo watoto hulichuma njiani na wakubwa hulidharau, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Chai ni kinyume chake. Ina vitu vinavyokizuia chuma cha mimea kisifyonzwe, na sisi tuna mazoea ya kuinywa pamoja na chakula au mara tu baada yake. Isogezwe mbele saa moja. Kwa nyumba yenye wasichana hili ni badiliko lisilogharimu hata senti moja, na sijui kwa nini halisemwi mara nyingi zaidi kliniki.

Unga wa dona una nyuzinyuzi na madini ambayo hupotea mahindi yanapokobolewa ili yawe meupe. Vijana hulalamika kuwa ugali wake ni mzito na una rangi. Changanyeni nusu kwa nusu kwa mwezi, kisha mwongeze. Mkinunua unga wa pakiti, someni kama umeongezewa virutubishi, hasa madini ya chuma na asidi ya foliki. Karanga ni kitafunwa kizuri cha kijana, lakini zilizokunjamana, zenye ukungu au ladha chungu zitupwe, wala zisisagwe ili kuficha kasoro, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kukaanga.

Kwa kipimo cha sahani, nusu iwe mboga na matunda, robo wanga, robo maharage, samaki, mayai au nyama. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kuanzia miaka 10. Kwa macho ya jikoni hizo ni kama bakuli moja la mboga zilizopikwa, chungwa moja, ndizi moja na kipande cha papai. Najua nusu sahani ya mboga inaonekana kama mzaha kwa watu tuliozoea mlima wa wali wenye kijito cha mchuzi. Fikeni robo kwanza.

Asubuhi ndiyo mtihani mgumu, na jibu lake hupikwa usiku. Viazi vitamu, mihogo au mayai vikichemshwa jioni, mtoto ataondoka na kitu tumboni badala ya chai ya rangi na andazi. Kiporo ni chakula chema, wala hakina aibu: wali na maharage ya jana ni kifungua kinywa bora kuliko mkate mweupe na siagi ya kupaka. Sharti ni moja. Wali usilale nje usiku kucha katika joto la pwani. Uwekwe kwenye friji mapema, na asubuhi upashwe hadi utoke moshi. Pasipo friji, pikeni wa kutosha usiku huo tu.

Chipsi, soda na mazungumzo ya haki

Si ujinga unaomfanya kijana ale chipsi. Anakula kwa sababu ana njaa saa kumi, chipsi ziko pale, rafiki zake wako pale, na hakuna mbadala kwenye mkoba. Kumpa mbadala husaidia kuliko kumtisha kwa magonjwa ya uzeeni: karanga, yai la kuchemsha, ndizi, kipande cha muhogo. Na chipsi za Ijumaa na marafiki mwachie. Ulaji ni mwenendo wa wiki nzima, na kijana aliyekatazwa kila kitu hujifunza kula kwa siri.

Kwenye vinywaji ningekuwa mkali zaidi. Soda nyingi za kawaida zina takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ina kama gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000 ni gramu 50, na linasema ni bora zaidi isizidi 25. Soda moja imeshapita 25. Chupa ya nusu lita imefika 50 kabla hujahesabu chai ya asubuhi. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinaongeza kafeini juu ya sukari, na wanafunzi huvinywa kukesha wakisoma, kisha wanashindwa kulala na kuamka wamechoka. Nyumbani mezani pawe na jagi la maji, na soda ibaki ya sikukuu na wageni. Usiiweke kwenye friji ukitegemea nidhamu ya mtoto wa miaka 15. Hata wewe huna nidhamu hiyo.

Mwachieni kijana mlo mmoja kwa wiki autawale yeye: apewe bajeti, aende sokoni, apike, wote wale bila kejeli hata wali ukiwa bokoboko. Wavulana nao. Mvulana anayemaliza kidato cha sita bila kujua kupika maharage atakwenda chuo na kuishi kwa chipsi miaka mitatu, na hapo hatuwezi kumlaumu muuza chipsi.

Yasemwayo wakati wa kula

Meza ikigeuka baraza la mashtaka, kijana atakula haraka aondoke, au hatakuja. Matokeo ya mtihani, rafiki usiyempenda, ada, kazi za nyumbani zilizoachwa: yana saa yake, na saa hiyo isiwe hii. Ukiwa na jambo zito, subiri vyombo viondolewe umwite pembeni.

Pigeni marufuku maneno kuhusu mwili. Hapa tunaenda kinyume na desturi, kwa sababu kwetu “umenenepa” ni salamu, na shangazi aliyetoka Tanga huitoa kwa mapenzi matupu. Msichana wa miaka 14 haisikii hivyo. Wala mvulana anayeitwa fimbo mbele ya wageni. Utani wa uzito nyumbani umehusishwa katika tafiti na kujinyima chakula na kula kwa fujo baadaye. Shangazi aelezwe kwa adabu, na mzazi mwenyewe aache kujisema vibaya mbele ya binti yake kila anaposhika chapati. Vilevile msimlazimishe mtu kumaliza sahani. Nyinyi mnaamua kinachopikwa na saa ya kuketi. Yeye aamue ale kiasi gani.

Kwa wenye watoto wa bweni, likizo za Juni na Desemba kwa Tanzania, Aprili na Agosti kwa Kenya, zina jaribu la kumfidia mtoto kwa kuku wa kukaanga na soda kila siku kwa sababu “shuleni wanakula makande tu”. Makande yana mahindi na maharage na hayana kosa. Alichokosa shuleni zaidi ni matunda, mboga mbichi na maziwa. Anzeni hapo.

Wakati meza haitoshi

Kuna dalili ambazo zinahitaji kituo cha afya. Msichana anayechoka kwa kupanda ngazi fupi, anayesikia kizunguzungu akisimama, mwenye weupe ndani ya kope la chini au viganjani, au anayetafuna udongo, mchele mbichi au barafu kwa hamu isiyo ya kawaida, apimwe wingi wa damu. Kwa msichana asiye mjamzito wa miaka 12 na kuendelea, chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu. Kijana anayepungua haraka, anayekwenda chooni kila baada ya kula, anayeficha chakula au anayekataa kuketi na watu, naye apelekwe, bila kuitwa mwenye maringo.

Mkifika, mwelezeni mhudumu mambo anayoweza kushindwa kuyajua kwa kutazama tu: hedhi huchukua siku ngapi na ni nzito kiasi gani, mara ya mwisho alipotumia dawa ya minyoo, kama ameugua malaria karibuni, na kama kuna selimundu katika ukoo. Usimnunulie vidonge vya madini ya chuma kwa kubahatisha, kwa kuwa upungufu wa damu una sababu nyingi na si kila moja hutibiwa kwa chuma. Akiandikiwa, avimeze kwa maji, si kwa chai. Choo kugeuka cheusi ni kawaida ya dawa hiyo. Vikimsokota tumbo, arudi kuuliza kama anaweza kuvimeza pamoja na chakula au kubadilishiwa dozi, badala ya kuviacha kabatini.